Mwanaamina Aliyemkimbia Mwanawe

Mwaka elfu mbili na nne, msimu wa korosho, Mwanaamina wa Mahurunga alimkimbia mwanawe wa kumzaa. Alikimbia mchana kweupe, na watu waliona. Na jambo likionwa Mahurunga asubuhi, Kitaya wanalijua kabla ya adhuhuri, tena limenona.

Chanzo kilikuwa rovu, ule uvimbe wa shingoni. Bibi yake naye alikuwa nalo, likamning'inia miaka mingi bila neno. Hili la Mwanaamina lilikuja na fujo: mikono inatetemeka, moyo unamwenda mbio amekaa kitako, anakula kama mpagazi na bado kanga zinamvuka. Akapelekwa hospitali Dar es Salaam. Daktari akamwambia, kabla ya dawa amwachishe mwanawe Asia ziwa, tena moja kwa moja, maana dawa hiyo hupita kwenye maziwa ikaunguza shingo ya mtoto.

Asia alikuwa na mwaka mmoja na nusu, na kunyonya ndiyo kazi aliyoijua. Mwanaamina alijipaka mwarobaini. Mtoto akalamba, akakunja uso, akaendelea. Ikabidi ahamishiwe kwa bibi yake mzaa baba, Bi Safina.

Wiki zikapita, Mwanaamina akarudi Dar. Dawa yenyewe kidonge kimoja. Alidhani amepunjwa.

"Siku mbili kwenye basi, nimefuata haka?"

"Haka haka, mama. Kana moto wake," daktari akasema. "Moto huo ni mionzi, na mionzi ni kama ndugu watatu. Alfa ni mzito, mvivu, karatasi tu inamzuia. Huyo humu hayumo. Beta anatembea kidogo ndani ya nyama, hata urefu wa punje ya mchele hafiki. Huyo ndiye atakayelila rovu lako. Wa tatu ni gama, hana adabu. Anatoka shingoni kwako, anapita ukuta wa udongo, anamkuta mtoto kalala."

"Na moto unazimika lini?"

"Kila siku nane nusu inakwisha. Nane nyingine, nusu ya iliyobaki. Ikifika ishirini na nne imebaki thumuni. Hapo mpakate mwanao."

Nusu, robo, thumuni: Mwanaamina alielewa. Baba yake alipokufa, ndugu zake waligombana kwa maneno hayo hayo ya mirathi mpaka sufuria zikagawanywa.

Aliporudi akaenda kukaa shambani, kwenye kibanda cha korosho, na sahani yake na choo chake. Mumewe, Asadi, alimletea ugali, akauweka juu ya kisiki na kurudi kinyumenyume kama anayemlisha chui. Salumu, mtani wao, hakuweza kunyamaza.

"Asadi, pole na msiba. Nimemkuta mkeo yumo edani."

"Msiba wa nani?"

"Wako! Hukuambiwa?"

Siku ya kwanza Asadi alicheka. Siku ya tatu hakucheka.

Siku ya kumi na sita Asia akaanza kuhara na kutapika. Bi Safina akambeba mgongoni, moja kwa moja mpaka shambani.

"Mama Asia! Toka umnyonyeshe mwanao, anakwisha huyu!"

"Simama hapo hapo, mama. Siku bado."

"Bado nini? Nane nusu, nane nusu. Nusu mbili si zima? Au hiyo dawa ya Dar ina nusu tatu?"

"Ni nusu ya iliyobaki, mama. Imebaki robo."

"Robo ya nini? Ya mtoto?" Na Bi Safina akaja.

Ndipo Mwanaamina alipokimbia. Akauzunguka mkorosho, mama mkwe nyuma yake, na Asia mgongoni kanyoosha mikono, analia, "Mama! Nyonyo!" Maziwa yaliyokwisha kukauka yakamchoma kama sindano.

"Mpeleke zahanati!" akapiga kelele akiwa mbali. "Mpe maji ya chumvi na sukari! Ziwa langu hili ni sumu, mama!"

Bi Safina akasimama, anahema. "Nimezeeka nisikie haya," akasema, akageuka.

Mwanaamina akawafuata, wao mbele, yeye nyuma kabisa, kama fisi anayenyemelea mbuzi. Akakaa ng'ambo ya barabara kuitazama zahanati. Waliopita hawakumsalimu. Kilio cha Asia kilimtesa, lakini kiliponyamaza ndipo alipoona kifo. Mpaka Asadi alipotoka mlangoni, akainamisha shavu juu ya kiganja: amelala.

Asia akapona. Siku ya ishirini na nne Mwanaamina akaoga, akafunga kanga mpya, akarudi nyumbani. Alimkuta Bi Safina mkekani na Asia mapajani, ananyonya. Ziwa la bibi, kavu tangu vita vya Kagera, halina hata tone, na mtoto kalishika kwa mikono miwili.

"Siku zimekwisha, mama. Nipe nimpakate."

Bi Safina hakujibu kwa ukali, na hilo ndilo lililomwuma zaidi.

"Mwache. Ndiyo kwanza anashika usingizi."

Mwanaamina akakaa pembeni. Akaushika mguu wa mwanawe, polepole, kwa vidole viwili. Asia akafumbua jicho moja, akamtazama, akauvuta mguu wake.