Moshi Nisioutazama

Shule niliiacha darasa la nne. Pale Lodwar nilianza kwa kufagia mchanga kwenye mabawa ya ndege, nikapanda hadi kushika usukani, na leseni nikaipata kwa kukariri vitabu ambavyo nusu yake sikuvielewa. Nitajieni mwingine aliyefanya hivyo. Basi miaka ile ya tisini, kapteni wetu aliponipa kubeba wazungu wa kuruka kwa miavuli, niliona ni haki yangu.

Alikuwa ananijaribu. "Washushe wazima, kiti cha rubani ni chako," aliniambia, kisha akanipa jipiesi ya mkononi. "Hiki kidude kitakwambia uko wapi, bwana mkubwa. Upepo hakiujui. Kifunge mbele yako, usikipakate kama mtoto. Na kabla hawajaruka, tazama chini uone moshi."

Moshi ulikuwa kazi ya mwenzangu, Mturkana niliyefagia naye mchanga. Tulitangulia Kakuma jana yake, nikasimama pale pa kutua, nikapahifadhi mahali pale ndani ya kidude. Alinicheka. "Wewe na kiredio chako. Mbuzi wangu wanajua upepo kuliko hicho."

Asubuhi aliwasha moto wa kinyesi cha ngamia na majani mabichi. Mimi nilikuwa juu, kidude nimekipakata, macho kwenye namba za umbali zinazopungua. Zilipofika sifuri nikawaambia, "Rukeni." Wakaruka wanne.

Hapo ndipo nilipotazama chini. Moshi ulikuwa umelala kabisa, ukielekea laga ya Tarach, ule mto mkavu. Nilikuwa nimewaachia juu ya mahali pa kutua, na ilinipasa kuwaachia mbali, upande unakotoka upepo, ili uwalete. Watatu walijikokota wakatua. Wa nne alinasa kwenye miti ya miiba kando ya laga, tawi likakatika. Miguu yake haikutembea tena.

Kapteni alitukuta zahanati ya Kakuma. Wale watatu walikuwa ndani na mwenzao.

"Moshi uliuona?"

"Hapakuwa na moshi," nikasema.

Mwenzangu alikuwa amesimama hapo hapo, mikono myeusi kwa masizi. Kapteni akamgeukia. "Jitetee basi."

"Ameshasema yeye," akajibu.

Akafukuzwa siku ile. Mimi kiti nikakipata, nikaruka miaka mingi, nikajenga nyumba ya mawe, na watoto wangu wote wamesoma. Lakini hakuna asubuhi niliyopaa moyo ukiwa mweupe, na sitegemei kuipata sasa.

Miaka ilipopita nilimkuta sokoni Lokori, akiuza mbuzi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yaliyotoka ni salamu tu, "Ejok." Akaniitikia vizuri, kwa adabu, kama anavyoitikiwa mgeni, kisha akaniuliza nataka dume au jike.