Vidole Vitatu Mkononi mwa Mama wa Mitumba

Niliingia chuo cha tiba ya Kichina nikiwa na ndoo ya rangi. Walikuwa wameniita nipake kuta za darasa, nikakuta humo mchoro wa mwili wa mtu uliojaa mistari na nukta, kama ramani ya mito. Nilipaka ukuta mmoja siku nzima, macho kwenye mchoro. Nilikuwa nimeshabeba magunia ya mchele Ahero, nimeosha magari ziwani, nimetengeneza simu soko la Kibuye, na shule niliiacha kidato cha pili. Hakuna kazi iliyowahi kuninyima usingizi. Mchoro ule ulininyima.

Mwalimu, mama wa hapa hapa Kisumu aliyesomea China, alikubali nisome bila cheti kwa sharti moja: mwisho wa muhula nimpime mgonjwa mbele ya wenzangu. Nikishindwa, nirudi kwenye ndoo yangu.

Muhula ule sikutulia. Nilichoma sindano kwenye machungwa mpaka muuzaji akauliza kama ninayaroga. Nilishika mkono wa kila aliyekubali, vidole vitatu juu ya mshipa, nikisikiliza mapigo. Nilijifunza kusoma ulimi pia: ukipauka, damu ni hafifu, ukiwa na rangi ya wino, damu imekwama. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo kwa hamu ya kujua zaidi.

Siku ikafika. Mgonjwa wangu alikuwa mama anayeuza mitumba Kibuye, shingo imemkaza hawezi kugeuka. Nilishika mkono wake. Mapigo yalikuwa mazuri, laini, hayana haraka. Kisha nikamwomba atoe ulimi.

Ulikuwa na rangi ya wino.

Moyo wangu uliruka kwa furaha, aibu yangu hiyo. Nilikuwa nimeuona kitabuni tu, sasa uko mbele yangu. Nikamweleza kwa sauti ya daktari kwamba damu yake imekwama vibaya, na huenda moyo nao umeguswa. Mama akaniuliza polepole kama ampigie binti yake.

Mwalimu akasogea, akautazama ulimi.

"Mama, umekula nini leo?"

"Jamna tu. Foleni yenu ni ndefu, mwalimu, nikanunua pale nje."

Akafungua mkoba. Mfuko wa jamna ulikuwa nusu, zambarau nyeusi zinang'aa. Darasa zima likaangua kicheko, na mmoja akasema fundi wa rangi ameshindwa kutambua rangi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekulia chini ya miti ya jamna, ulimi wangu ukiwa hivyo hivyo kila msimu.

Mwalimu hakucheka. "Mapigo yalikuambia nini?"

"Kwamba hana shida yoyote ya ndani."

"Kwa nini hukuyaamini?"

Nikasema ukweli: ulimi ulinifurahisha zaidi. Niligeuka nikamwomba mama radhi kwa kumtia hofu, huku nikiiona ndoo yangu ikinisubiri mlangoni.

Mwalimu akaita mwanafunzi mwingine aendelee. Mama akakataa, mkono juu ya meza.

"Huyu ndiye amenitisha, nyathina huyu. Yeye ndiye atanitibu."

Nyathina, mwanangu. Mwalimu akanisogezea sindano.

Ya shingo huchomwa mgongoni mwa mkono, kati ya mifupa ya vidole. Jambo hilo bado linanishangaza. Nilitafuta kishimo, nikaingiza sindano nyembamba kama unywele, nikamwomba ageuze kichwa polepole. Aligeuka kidogo. Akageuka tena, zaidi, mpaka akaiona saa ya ukutani nyuma yake.

"Kumbe nimechelewa sokoni," akasema.

Mwalimu akaniambia nije Jumatatu na koti jeupe. Mama akaniachia jamna zilizobaki. Nilizila zote njiani, nikisimama kila penye kioo cha gari kutoa ulimi.