Kuruthum na paka wa Ibra

Saa kumi na mbili asubuhi, Kuruthum Zakariya anapiga boneti ya pikapu ya jirani kwa kiganja. Anasikiliza. Kimya. Anakwenda gari la pili.

"Simsim anapenda injini yenye joto," anasema. "Mtu akiwasha bila kujua, basi tena."

Simsim ni paka wa familia ambayo Kuruthum anaifanyia kazi za ndani hapa Ibra. Hajaonekana tangu juzi usiku. Wenyewe wako Unguja, likizo ya shule, siku kumi na mbili. Kuruthum, mzaliwa wa Pangani, ndiye aliyebaki Oman na wanyama wao.

Ana miaka minne hajakanyaga kwao. Binti yake, Radhia, alimwacha ana miaka mitatu.

Mwaka jana aliachiwa kasuku pia. Siku ya familia kurejea alifukiza udi nyumba nzima, madirisha kayafunga kwa baridi.

"Nilitaka wakute nyumba inanukia. Sikujua moshi unaua ndege. Nikamkuta chini ndani ya tundu, kakauka."

Ruhusa yake ya kwenda nyumbani ikafutwa. Mei, baba yake akafariki. Maziko aliyaona kwenye simu.

Safari hii mwenye nyumba, Bi Huwaida, alimuahidi: "Ukiwatunza vyema, mwanangu, Machi utakwenda kwenu, inshallah."

Basi kila akiwasha mkaa kuota moto, Kuruthum hufungua mlango wa jikoni moshi utoke. Hapo ndipo Simsim alipopita.

Jirani mwenye pikapu, Mzee Marhun, anatoka na kikombe cha kahawa.

"Ya Kuruthum, unatafuta dhahabu?"

"Paka, ami."

Marhun anaacha kucheka. Jana alfajiri aliendesha pikapu hadi Sinaw, akarudi magharibi. Anainua boneti mwenyewe.

Simsim yumo, hai, hana hata nguvu ya kulia. Mguu wa nyuma umesagwa na mkanda wa injini.

Daktari wa mifugo anaukata saa nne.

"Mwambie Bi Huwaida ni gari langu," Marhun anamsihi. Kuruthum anatikisa kichwa, anabonyeza simu kurekodi ujumbe.

"Shikamoo mama. Simsim yuko hai, ila mguu mmoja hana. Mlango niliuacha wazi mimi."

Hadi saa sita hajajibiwa.

"Nitaomba Machi ileile," anasema, paka kamlaza mapajani. "Akikataa, nitaomba Aprili. Radhia ananijua kwenye simu tu, kichwa mpaka kifua. Nataka anione ninavyotembea."