Picha ya Mama na Mkwewe

Nilipoulizwa mama yangu yuko wapi, nilidhani wanataka kujua kama bado yu hai. Nikajibu, "Yupo, anawasalimu." Afisa wa viza pale ubalozini akazisukuma picha za harusi yetu upande wangu wa meza, akauliza tena swali lilelile, na karani aliyekuwa akitutafsiria akaniangalia kama mtu aliyeona chungu kinapasuka.

"Anasema mama hayumo kwenye picha hata moja," alisema karani. "Baba yumo, mashangazi wamo, hata mbuzi yumo."

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Soko la Dodoma lilikuwa limejaa mitumba na redio za kila aina, na ilionekana hakuna kitu duniani kisichoweza kuvuka mpaka na kuingia kwetu. Kutoka ndiyo ilikuwa kazi. Mume wangu alikuwa fundi wa visima kutoka nchi ya baridi, aliyeletwa na mradi wa maji wa Mpwapwa. Mradi ulikuwa unafungwa na kibali chake cha kukaa kilikuwa kinaisha. Mimi nilikuwa mpiga chapa ofisini, nimepanga chumba Makole, na nilichotaka ni kimoja tu: akiondoka, niondoke naye. Nilikwisha kuona wake walioachwa waje baadaye. Hiyo baadaye haikufika.

Nikachagua picha moja nikamwonyesha afisa. Pembeni kabisa, kwenye mlango wa jiko, kulikuwa na ncha ya kitenge.

"Mama huyu hapa."

"Huyo anaondoka," karani alitafsiri.

"Haondoki. Anamheshimu mkwewe. Mwambie hivyo."

Karani alikuwa mtu wa pwani. Akainama kidogo. "Dada, kwetu sisi mama mkwe ndiye anayeongoza ngoma. Nimwambie nini mzungu wa watu?"

Kwetu Ugogoni, kwa watu wa rika la mama, mama mkwe na mkwewe hawakai pamoja, hawapeani mkono, hawali mbele ya mwenzake. Akija mkwe, mama huingia jikoni. Chakula hupelekwa na mtu mwingine, na salamu vilevile. Heshima hiyo hulegezwa wajukuu wakishapatikana na mkwe akaleta mbuzi wake. Mume wangu aliishika mila hiyo kuliko vijana wetu wa mjini. Mara moja alikutana na mama njiani, akajitupa ndani ya shamba la mtama na urefu wake wote, akabaki ameinama humo huku kichwa kinaonekana, hadi mama alipopita. Kijiji kizima kilimsifu.

Nilieleza yote hayo. Afisa akaandika maneno machache sana kwa hadithi ndefu niliyompa. Kisha akatoa hukumu: mama haridhii ndoa hii, na ndoa isiyoridhiwa na mzazi huenda ni ya kutafutia karatasi. Nilete picha ya mume wangu na mama yangu wakiwa wamesimama pamoja, nyuso zikionekana.

Nilitoka nimefura. Mume wangu alikuwa akinisubiri nje, na nilipomweleza, yeye ndiye aliyekataa.

"Siwezi kumfanyia mama hivyo," alisema, kwa Kiswahili chake cha Mpwapwa.

"Basi nenda peke yako, ukawaheshimu wakwe wengine huko!"

Tulirudi Dodoma kwa basi. Nilikasirika na afisa, nikakasirika na karani na pwani yake yote, lakini zaidi nilikasirika na mume wangu kwa kuwa Mgogo kuliko mimi. Watu husema mkataa kwao mtumwa. Mimi sikukataa kwetu. Nilikuwa nalazimishwa, na hakuna methali inayomsemea mtu wa namna hiyo.

Nikaenda kijijini peke yangu. Mama alikuwa jikoni anakoroga mlenda. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho bila kuacha kukoroga.

"Hao wazungu hawana wakwe?"

"Wanao, mama. Wanakula nao meza moja."

"Ndiyo maana wanaachana."

Nilitaka kucheka, machozi yakanitangulia. Mama akaepua chungu, akakifunika.

"Mlete mpiga picha," alisema. "Yeye hahesabiki, ni kama daktari. Lakini baba zako wadogo wasijue."

Picha ilipigwa nyuma ya nyumba, siku ambayo wanaume walikuwa mnadani. Mama alivaa kitenge kipya na kilemba. Mume wangu, aliposikia mama mwenyewe amekubali, alikuja kama anapelekwa mahakamani, akasimama macho yakiwa kwenye viatu vyake. Kati yao pangeweza kupita ng'ombe.

"Sogeeni," mpiga picha alisema. "Baba, inua uso. Mama, tazama huku."

Mama alisogea. Niliona pindo la kitenge chake linatikisika, na upepo haukuwapo. Kamera ilipolia, alizunguka ghala la nafaka akakaa huko, na hakuna aliyethubutu kumfuata. Tulipofika Makole mume wangu alisema tu kwamba hataki kuiona picha hiyo. Na kweli hakuiona. Niliichukua studio nikaifunga kwenye bahasha kwa gundi.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi niliumwa hadi walipotuita tena. Safari hii afisa alikuwa mwingine, mwanamke mwenye mafua. Yule wa kwanza alikuwa likizo. Aliyafunua makaratasi yangu huku akipenga kamasi, akavuta pasi yangu ya kusafiria, akaigonga muhuri. Nikaisukuma bahasha mbele yake. Akairudisha kwa ncha ya kalamu.

"Anasema haihitajiki," karani alitafsiri.

"Mwambie aifungue."

"Dada, viza umepata."

"Aifungue! Mama yangu yumo humo!"

Karani akanishika kiwiko. "Usijitafutie balaa," alinong'ona, na akaniongoza hadi mlangoni. Huko nje mume wangu aliiona pasi akanikumbatia mbele ya walinzi. Mimi nilikuwa nimeishika ile bahasha kwa hasira, wala sikumwambia hongera.

Tulikwenda kumuaga mama, mume wangu akabaki mbele ya nyumba pamoja na baba. Alinikuta uani kabla sijafika mlangoni, akauliza safari, nikamwambia viza imetoka. Akapiga kigelegele kifupi. Kisha akapunguza sauti.

"Na ile picha? Waliitazama wangapi?"

Nilimtolea bahasha, gundi yake nzima kama nilivyoifunga. Nikamwambia kwamba hakuna aliyeifungua, kwamba wametudhalilisha bure, kwamba ningejua ningeuchana ule mlango wao kwa meno. Nilisema mengi. Mama aliigeuza bahasha, akapitisha kidole kwenye gundi kutoka ncha hadi ncha. Uso wake ulikunjuka, nikaona amepata nafuu ambayo sikuwa nimemletea mimi.

"Kumbe hakuna aliyeniona," alisema.

Akaingia jikoni nikamfuata, akainama, akaisukuma bahasha motoni kati ya mafiga, akaikalisha sufuria ya maji ya ugali juu yake. Kisha akaniambia nitoke nje nikamwite mtu wa kumpelekea mkwewe chakula.