Mashine ya Mami Murugi Ilivyonikataa

Mama mkwe wangu anaitwa Murugi, na katika kijiji chetu huko Tetu hakuna mtu anayezikwa kabla ya kupita kwenye vidole vyake. Msiogope. Yeye ndiye anayepiga chapa wasifu wa marehemu: alizaliwa lini, alisoma wapi akaachia wapi, alioa nani, ameacha wajukuu wangapi. Familia huleta maelezo kwenye karatasi iliyochanwa daftarini, yameandikwa na ndugu watatu wasioelewana. Mami huyasoma, huguna, kisha huwahoji mpaka wanaelewana.

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali mjini Nyeri, enzi za taipureta za chuma. Hajawahi kukosea jina la mtu, na atakwambia hivyo kabla hujaketi. Ana msimamo wake pia. Maneno "alikuwa mtu wa watu" hamwandikii kila mtu. Kulikuwa na mzee mmoja wa huku, mchoyo hata wa salamu. Alipofariki watoto wake wakaomba yaandikwe hayo hayo, Mami akakataa, akaandika "aliwapenda ng'ombe wake." Kanisa zima lilisoma na likaelewa. Tangu siku hiyo naona watu wa huku wanajitahidi kusalimiana.

Mwanawe wa mwisho, Theuri, ambaye ndiye mume wangu, anafanya kazi katika hoteli moja Nanyuki. Ndiye aliyemnunulia laptop. Mami aliijaribu asubuhi moja, akasema ni kama kubonyeza maandazi. Vidole vilivyofunzwa na taipureta havibonyezi, vinapiga. Basi Theuri akamtafutia kibodi ya kuchomeka pembeni, kubwa, nyeusi, yenye vitufe virefu vinavyolia tak, tak, tak mpaka unavisikia ukiwa getini. Meza yake ni nyembamba na hataki kusikia habari ya meza nyingine, kwa hiyo kibodi hiyo akailaza juu ya vitufe vya laptop yenyewe, vimiguu vyake vikikaa kwenye kingo bila kugusa kitu. Mpango huo ulifanya kazi vizuri kabisa. Nalisema hilo mapema ili baadaye msimlaumu mtu asiyehusika.

Mimi ni Wangui, mtoto wa Mwea, kwenye mashamba ya mpunga. Kwetu jagi la maziwa halikai uchi. Hufunikwa kitambaa cha kufuma chenye shanga pembeni, za kukipa uzito upepo usikipeperushe. Nilipoolewa nikaona mama mkwe ana mashine nzuri na vitufe vyake viko wazi vinakula vumbi, roho ikaniuma. Nikamfumia kitambaa cha laptop, rangi ya maziwa, waridi nne katikati na shanga za kioo ukingo mzima. Kilinichukua wiki tatu. Mami alifuta mikono kabla ya kukipokea.

"Hii ni kazi," akasema.

Akakitandaza juu ya vitufe vya laptop, akaipandisha kibodi kubwa juu yake, akarudi nyuma hatua mbili kukitazama. Nilirudi Nyeri mjini, ninakouza katika duka la mbegu na chakula cha kuku, nikiwa nimevimba kichwa.

Jumamosi iliyofuata nikaenda kumsalimia, kama ilivyo desturi yangu kila Jumamosi. Mami alikuwa amepiga mistari mitatu tu mbele yangu skrini ikaanza kufifia. Kila akipiga, mwanga unashuka kidogo, mpaka ikawa giza tupu. Tukaizima, tukaiwasha, ikafifia tena. Jioni nikaondoka. Jumapili Theuri akaniambia mamake amempigia simu, mashine imepona yenyewe.

Jumamosi ya pili ikawa vivyo hivyo, na ya tatu vivyo hivyo. Hiyo ya tatu Mami alinitazama juu ya miwani.

"Wangui, hii mashine ati wiki yote inafanya kazi mzuri. Wewe ukiingia tu, inaona giza."

"Labda ni stima, Mami."

"Stima iko. Hata redio inaongea."

Sasa mimi si mtu wa kusahau neno. Hilo nililibeba mpaka mjini, nikalipika, nikalila. Mtu akikwambia mashine huzimika ukiingia nyumbani mwake, amekwambia nini? Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja na miezi miwili. Mwaka mmoja na miezi miwili nikipewa chai katika kikombe cha maua chenye kisahani chake, nikikatazwa kuosha vyombo, nikikalishwa kwenye kochi lenye vitambaa sita kama mke wa askofu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe la nyumba ile nilikuwa sijalitia machoni. Nikajiambia, mama huyu hajanikubali, na sasa amepata shahidi.

Theuri akamtuma fundi anayeitwa Ken, mwenye kibanda cha kompyuta mjini Nyeri. Ken alifika kwa boda boda siku ya Jumatano, akaikuta mashine nzima. Lakini fundi hawezi kutoka Nyeri mpaka Tetu halafu arudi bila kugusa kitu. Akamweleza Mami kwamba ile safu ya juu kabisa ya laptop, kuanzia F1 mpaka F12, ina kazi mbili. Ukiiacha kama ilivyotoka dukani, inaongeza na kupunguza mwanga na sauti. Ukiibadilisha, inafanya kazi nyingine ndani ya programu. Akaibadilisha.

"Sasa, Cucu, giza haiwezi kukuja tena," akasema, akimwita nyanya kwa Kikuyu, kwa uhakika wa mtu ambaye boda boda yake inamngoja.

Alisema kweli, giza halikuja. Jumamosi nilipoketi tu kikatokea kisanduku katikati ya skrini, kikimuuliza Mami angependa kwenda ukurasa wa ngapi. Mami akakifunga. Kikarudi. Akakifunga, kikarudi.

"Nataka kubaki ukurasa hii niko," akakiambia kile kisanduku kwa upole wa mtu anayekaribia kukasirika. Kisha akageuka akanitazama mimi. Nikainamia kikombe changu cha maua.

Wiki iliyofuata akafariki Mzee Wamae. Huyu hakuwa marehemu wa kawaida. Ndiye aliyekuwa karani mkuu ofisini wakati Mami alipoajiriwa akiwa msichana, na ndiye aliyemfunza kupiga chapa bila kutazama vidole, kwa kumfunika mikono kwa gazeti. Wasifu wake ulitakiwa kwa mchapishaji Nyeri kabla ya saa tisa Ijumaa, mazishi yakiwa Jumamosi. Alhamisi Mami akanipigia simu.

"Wangui, hii wiki usikuje. Wacha nimalize Mzee Wamae kwanza."

"Sawa, Mami," nikajibu.

Nikaingia stoo ya dukani, nikaketi juu ya gunia la chakula cha kuku, nikalia. Siwafichi. Niliumia sana. Kufukuzwa na mama mkwe ni jambo linalojulikana, hata lina nyimbo zake, lakini kufukuzwa kwa sababu ya kompyuta sikuwa nimesikia.

Ijumaa saa tatu asubuhi simu ikalia tena. Ilikuwa ni yeye. Kumbe alikuwa amemwita Ken tangu alfajiri, kwa sababu alikataa kumwandika Mzee Wamae kwa mashine yenye siri. Ken alikuwa ameifungua, ameifunga, ameipapasa kila mahali, na haikuwa na kosa lolote. Akamwambia hawezi kutengeneza kitu ambacho hakijaharibika. Mami alipoona anadharauliwa, akachukua hatua.

"Wangui, uko kazi? Omba ruhusa. Kuja uharibu hii mashine fundi aone."

Niliomba ruhusa. Sikwenda kwa mapenzi, nilikwenda kwa hasira. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, mazuri sana, na mengine sikujua kama ninayajua. Nilipofika getini nikasikia tak, tak, tak, mfululizo. Nikaita hodi.

Tak tak ikanyamaza.

Kwa kawaida hungoja mlangoni mpaka niambiwe ingia. Siku hiyo hasira ilinipeleka dirishani, nikachungulia. Nilimwona Mami akiinuka haraka, akafungua kabati la vyombo, akatoa kitambaa changu kikiwa kimekunjwa vizuri kama nguo ya ubatizo. Akainyanyua kibodi kubwa, akakitandaza juu ya vitufe vya laptop, akayanyoosha yale maua manne moja baada ya jingine, akairudisha kibodi juu yake. Kisha akajitengeneza kilemba.

"Ingia!" akaita kwa sauti tamu.

Niliingia nikamkuta Ken amesimama katikati ya nyumba, mdomo wazi.

"Cucu, hiyo ni nini umeweka hapo?"

"Ni kitambaa. Bibi ya Theuri ndiye alishona."

"Lakini tangu asubuhi haikuwa hapo."

"Iliwekwa kwa kabati. Sasa si kuna mgeni amekuja?"

Ken alisogea mezani. Akapiga herufi chache kwenye kibodi kubwa, na kisanduku kikatokea kuuliza ukurasa wa ngapi. Akainyanyua kibodi. Akapitisha kidole taratibu kwenye ukingo wa kitambaa, shanga kwa shanga, mpaka akafika pale pale ilipolala shanga moja ya kioo juu ya kitufe cha F5.

"Ndio huyu," akasema. "Kila ukipiga, kibodi inasukuma shanga, shanga inakanyaga F5. F5 kwa hii laptop ni ya kupunguza mwanga. Mimi nikaibadilisha, ikawa ya kutafuta ukurasa. Mashine iko sawa, Cucu. Hata Wangui ako sawa."

Akakitoa kitambaa, akapiga mistari miwili, hakuna kilichotokea. Akakirudisha, kisanduku kikaja. Akakitoa tena. Nilitamani aache, maana kila mara alikuwa akinionyesha wiki zangu tatu za kufuma zikifanya kazi ya mchawi.

Yale maneno yangu mazuri yote yalipotea. Lakini moja lilibaki.

"Mami, kwa hivyo wiki yote kitambaa yangu inakaa kwa kabati?"

"Unataka ichafuke?" Alishangaa kweli. "Hiyo ni kitu ya wageni. Inakaa na vile vikombe mzuri."

"Na mimi ni mgeni?"

Ken aligundua kwamba waya wa chaja unahitaji kuchunguzwa kwa makini sana. Mami alinitazama, akakitazama kitambaa, akalitazama kochi lenye vitambaa sita. Kisha akatazama saa ya ukutani.

"Saa nne inafika," akasema. "Keti. Wachana na kochi, keti hapa kwa stuli. Macho yangu haioni mwandiko ya hawa watoto wa Wamae. Nisomee."

Nikaketi kwenye stuli, goti langu likigusa goti lake, nikasoma. Alizaliwa. Alibatizwa. Aliajiriwa. Mami alipiga bila kutazama vidole, na laptop chini ya kibodi ilikaa kimya, ingawa nilikuwa kando yake kabisa. Tulipofika kwenye miaka ya ofisini vidole vyake vikasita. Karatasi ya familia haikuwa na neno lolote hapo ila tarehe. Mami akaongeza mwenyewe: "Alikuwa mtu wa watu." Hakuna aliyemwomba. Akavua miwani, akaifuta kwa kitu cha kwanza alichokishika, na kitu hicho kilikuwa kitambaa changu. Saa sita na nusu Ken alikuwa kwenye boda boda kuelekea Nyeri, wasifu ukiwa ndani ya flash mfukoni mwake.

Jumamosi ya baada ya mazishi nikaenda tena. Laptop ilikuwa uchi. Kitambaa nilikiona juu ya jagi la maziwa, mahali ambapo kwetu Mwea kingekuwa tangu mwanzo, kimeshaingia doa. Vikombe vya maua vilikuwa kabatini, na hapakuwa na dalili ya kutolewa. Nilijimiminia chai mwenyewe katika kikombe cha bati kilichobanduka rangi, na kabla sijafika katikati Mami akasema bila kuinua macho:

"Ng'ombe hajakatiwa nyasi. Panga iko nyuma ya choo."

Nilikuwa nimevaa viatu vyeupe. Niliteremka mpaka kwenye mabingobingo, nikakata mpaka kiuno kikalia, nikafunga mzigo, nikaubeba kwa kamba kichwani nikipanda ule mlima. Kutoka getini nikaanza kuisikia ile kibodi, tak, tak, tak. Nikaita hodi kwa mazoea.

Haikunyamaza.