Siku Niliyoikataza Shikamoo kwa Ajili ya Sabuni

Nichekeni kwanza ndipo nisimulie, maana aibu hii hata mie naimeza kwa chai: niliwahi kuamini, kwa moyo wote, kwamba sabuni ya maji ikikorogwa huku watu wanaongea inakasirika na kubaki maji. Aliniambia braza mmoja wa kule Wazo, akaapa kwamba shangazi yake alipoteza pipa zima kwa chafya moja.

Sasa sie wanafunzi wa masomo ya jioni tulikuwa na mradi pale Mtoni, tunatengeneza sabuni na kina mama ili wapate kipato, na siku hiyo alikuwa anakuja Bi Mwanahawa, mwenye nyumba za wageni, aione sabuni ndipo aamue kuwa mteja wetu wa kudumu (hatukuwa na mwingine). Mwenzangu Rehema alichelewa, nikajipa ukubwa, nikatoa amri ndogo tu: hakuna kufungua mdomo mpaka sabuni iwe nzito.

"Na nikitaka kitu?" akauliza Mama Zuhura, mmoja wa kina mama hao.

"Omba kwa vidole."

Tukakoroga kimya utadhani tunaosha maiti. Mama Zuhura akawa ananionyesha ulimi, kisha pipa, kisha ulimi. Nikajua ana kiu, nikampa maji. Akanikazia macho.

Mlangoni: "Hodi." Kimya. "Hodi wenyewe." Jasho likanitoka mpaka kwenye nyayo. Bi Mwanahawa akaingia, mtu mzima anayeamkiwa na Temeke nzima, akasimama kungoja shikamoo. Haikutoka. Mie nikaweka kidole mdomoni, halafu (hapa ndipo nilipojimaliza) nikampungia mwiko asogee mbali na pipa, povu likamrukia kwenye baibui.

"Unanifukuza, baba?"

Akageuka. Nikamkimbilia, bubu, mwiko juu, na majirani wakatoka kumtazama kijana anayemkimbiza bibi wa watu. Wawili wakanikamata kola.

"Shikamoo, mama," ikasikika nyuma yangu sauti ya Mama Zuhura. "Tusamehe. Huyu katukataza kuongea, eti sabuni itaharibika."

"Marahaba. Na imekuwaje?"

Tukarudi kuchungulia. Maji matupu. Nikamnong'oneza Mama Zuhura kwamba yeye ndiye aliyeiharibu kwa kuongea.

"Nilikuwa nakwambia chumvi," akasema.

Rehema akafika, akatia chumvi, akakoroga huku akipiga soga, na sabuni ikawa nzito mbele ya macho yangu. Bi Mwanahawa akaishika, akanusa, akasema atachukua kwa kina mama, ila huyu wa mwiko asimletee mzigo. Tangu siku hiyo nasalimia mpaka mageti.

"Kaka," akaniambia Rehema, "sabuni haina masikio. Hukutia chumvi."