Kamera Haikuwa Imepinda

Wapendwa, kabla sijawaambia nilivyougua, nawaomba mnione kwanza nilivyokuwa mzima, maana nilikuwa mzima kwelikweli. Naitwa Tusekile. Kwa Kinyakyusa jina hilo ni kusema tumefurahi, na sikuwahi kulitia aibu. Nina duka dogo hapa Mbugani, Kyela mjini, nauza chaja, kava za simu na vikorokoro vya aina hiyo. Nacheka kwa sauti. Mtu akiwa duka la tatu kutoka langu anajua kama nimefungua.

Kitu kingine ninachopenda ni magari. Mpunga ukishavunwa na ardhi ikikauka, mzee mmoja wa Ikolo hutuazima shamba lake. Tunalisawazisha kwa trekta, tunapanga viroba vya mabua kwenye kona, basi inakuwa njia ya kuzunguka. Wenzetu wanateremka kutoka Tukuyu na Mbeya na magari yao ya zamani. Hatushindani ana kwa ana. Kila dereva anaingia peke yake, anazunguka kwa kasi anayoiweza, na jioni tunakaa pamoja kutazama picha za kila mmoja ili tuone nani aliikata kona vibaya.

Fundi wa kufunga kamera hizo ndani ya magari ni mimi. Watu wanadhani ni kubandika tu. Kyela hii ina joto na unyevu, kioo kinatoka jasho kama mtu. Usipokifuta kwa spiriti na kukikausha, ule mguu wa mpira unaonyonya kioo utashika kwa muda, kisha utaachia kwenye kona na kamera itakuangukia mapajani. Kwa hiyo nafuta, nabandika, nafunga na kamba ya pili, halafu naitikisa kama mtu anayetafuta ugomvi.

Wenzangu wote walitaka kamera itazame njia. Ya kwangu niliifunga chini ya kioo cha mbele, ikinitazama mimi usoni. Huwa naongea ninapoendesha. Naisema kona, nalisema gari, najisema mwenyewe. Jioni watu walikuwa wanaomba kuanza na yangu.

Ugonjwa ulianzia nyuma ya sikio la kushoto. Palikuwa panauma kama jipu linalotaka kutoka, ila hapakuwa na jipu. Nikasema ni upepo wa dirishani. Jioni ile uji ukawa na ladha ya bati, nikamlaumu aliyeuza unga.

Kesho yake nilitoka uani mapema kuandaa gari, kwa sababu siku ya kuzunguka ilikuwa imekaribia. Nikafunga kamera, nikajirekodi kidogo, nikatazama. Mdomo wangu ulikuwa umekwenda kulia. Nikasema, kamera imepinda. Nikaifungua, nikafuta kioo upya, nikaifunga. Bado. Nikailaumu dashibodi. Mume wangu Ambakisye ni fundi ujenzi, basi nikaingia ndani nikachukua pima maji yake, ile rula yenye kichupa cha kupimia usawa, nikailaza juu ya kamera. Povu likakaa katikati kabisa. Nikajirekodi tena, na mdomo ulikuwa kule kule.

Ambakisye alinikuta nimeshika pima maji, ameniletea chai. Alinitazama, akaitazama kamera, akanitazama tena.

"Mama Neema, kamera iko sawa," alisema polepole. "Ni wewe."

Nikacheka, nikapiga funda la chai. Chai yote ikatoka pembeni mwa mdomo ikashuka shingoni, na wala sikuhisi ilipopita shavuni. Nikajaribu kufumba macho. La kulia likafumba. La kushoto likabaki wazi linamtazama mume wangu. Waswahili husema nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nalipima langu kwa pima maji.

Hapo nikaogopa. Nilidhani ni kiharusi, na kwamba ndiyo basi.

Jirani aliyekuwa anachungulia juu ya uzio alishatoa jibu: huu ni mkono wa mtu, wivu wa magari hayo, na yeye anamfahamu mganga. Ambakisye alisimama tu, kikombe mkononi. Aliyenyanyuka ni mama mkwe wangu. Yeye ni Mkisi wa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mfinyanzi, na alikuwa amefikia kwetu na vyungu vyake vya kuuza sokoni. Alikuja akanishika kidevu.

"Mganga atakuwepo hata kesho," alimwambia jirani. Kisha akanigeukia. "Unauona mdomo wangu?"

"Nauona, Mama."

"Unafikiri nilizaliwa nao hivi?"

Wapendwa, nilikuwa mkwe wa mama huyu miaka yote nikidhani ndivyo anavyotabasamu. Mdomo wake umevutwa upande kidogo, na jicho lake moja ni jembamba kuliko lenzake. Nilikuwa nauona uso wa mtu mwenye utani. Siku ile ndipo aliponiambia kwamba alipokuwa msichana aliamka hivyo hivyo, wakampaka dawa za majani, wakangoja, wakangoja tena, na uso ukarudi nusu ya njia ukaishia hapo.

"Mimi nilingojeshwa," alisema. "Wewe hungoji. Ambakisye, weka kikombe chini, washa gari."

Hospitalini daktari alikuwa kijana mpole. Akaniambia, "Mama, inua nyusi." Ukainuka mmoja. "Fumba macho kwa nguvu. Vimbisha mashavu. Nioneshe meno." Nikafanya yote, na nusu ya uso wangu haikufanya lolote. Akanifanya ninyooshe mikono, nimbane vidole, nitembee. Mwisho akavuta kiti.

"Mikono na miguu ina nguvu, na hata paji la uso upande huu limelala, ambalo kiharusi kwa kawaida huliacha. Hiki si kiharusi. Ni neva ya uso imevimba."

"Nitapona?"

"Wengi hupona. Siwezi kukuapia. Lakini umewahi, na dawa hizi hufanya kazi vizuri kwa anayewahi. Kazi yako kubwa ni kulilinda jicho. Lisikauke, lisiingie vumbi. Kuendesha gari, acha mpaka nikuambie."

Nilikunywa vidonge. Nikatia matone jichoni mchana kutwa. Kila tulipokwenda kulala Ambakisye alinifumba jicho kwa vidole vyake vyenye saruji na kulibandika kwa plasta, taratibu kuliko anavyobandika vigae. Chakula kilijificha shavuni, ikabidi nikitoe kwa kidole kama mtoto. Nilikunywa kwa mrija. Maneno yanayotaka kubana midomo yalinikimbia. Jina la mume wangu lilikuwa linatoka bila b, naye akaitikia kama kawaida. Sauti za pikipiki ziliingia sikio la kushoto kama mtu anapiga debe.

Dukani nilikaa na kitenge mdomoni, wateja wakanipa pole ya jino. Nyumbani nilifunika vioo. Na niliapa: hakuna kamera itakayouona uso huu mpaka urudi. Siku yetu ya kuzunguka ikafika ikapita, nikabaki ndani. Nililia, na hata kulia kwenyewe kulikuwa kwa upande mmoja, chozi linamwagika kushoto bila kuulizwa.

Hofu yangu moja sikuweza kuisema, maana aliyehusika nayo alikuwa amekaa mbele yangu. Nilikuwa naogopa kubaki kama Mama.

Naye alijua. Hakurudi ufukweni. Kila asubuhi alivuta kigoda akakaa uso kwa uso na mimi, tukafanya mazoezi aliyotufundisha daktari. Inua nyusi. Kunja pua. Puliza. Alifanya yote pamoja nami.

"Mama, wewe unayafanya ya nini tena?" nilimuuliza.

"Mimi nimechelewa," alisema, "lakini nitakusindikiza."

Mjukuu wake Neema akitukuta tunavimbishiana mashavu kama vyura wawili, tulianza kucheka wote watatu, mimi na Mama kila mmoja kwa upande wake.

Uso haurudi kwa kishindo. Kwanza kidevu kilicheza. Kisha uji ukaacha ladha ya bati. Daktari akasema jicho lina hali nzuri, naweza kuendesha nikivaa miwani ya kuzuia vumbi. Niliruka pale kitini. Ilikuwa imebaki siku moja ya kuzunguka kabla ya mvua.

Nikaenda Ikolo na gari langu, Ambakisye na Mama nyuma. Lakini kiapo changu nilikuwa nacho bado. Mara hii kamera sikuifunga mbele. Niliifunga nyuma, kwenye bomba la chuma lililopita kati ya viti vya mbele na vya nyuma, ikitazama mikono yangu, usukani na njia. Uso haupo. Nikaitikisa, nikafunga kamba ya pili, nikaridhika.

Niliingia njiani peke yangu na miwani yangu kama fundi wa kuchomelea vyuma. Kona ya kwanza nikaikata vizuri. Kona ya pili nikaikata kwa kiburi, nikapanda kiroba cha mabua, mabua yakaruka mpaka juu ya boneti. Nilicheka mpaka gari likazimika.

Jioni tukakaa uani kwa mzee wa shamba tukitazama kwenye kompyuta. Mikono yangu ile pale, usukani, njia. Kikaja kile kiroba. Watu wakacheka. Mama akasogea karibu.

"Rudisha," alisema.

Tukarudisha.

"Rudisha tena. Msitazame njia. Tazameni kile kioo kidogo cha juu."

Wapendwa, fundi mzima wa kamera nilikuwa nimekisahau kioo cha kutazamia nyuma. Kile kioo huelekezwa kwenye macho ya dereva, kwa hiyo anayekitazama kutoka nyuma huyaona macho ya dereva. Macho yangu yalikuwa pale wakati wote, ndani ya miwani. Kiroba kikagongwa, mabua yakaruka, na macho yote mawili yakafumba pamoja, yakakunjamana pamoja, mashavu yakapanda sawasawa. Nilikuwa nimecheka kwa uso mzima na sikujua.

"Amerudi," Mama alisema. Nilimkumbatia nikalia, na machozi yakatoka pande zote mbili.

Leo nikila chakula cha moto jicho la kushoto bado hutoa machozi kidogo, na nikichoka mdomo unalegea. Sijali. Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari, na Ambakisye na vidole vyake vya saruji. Ndaga fijo, asanteni sana. Nanyi ninawaomba jambo moja. Ukiamka uso umelala upande mmoja, usilaumu kioo, usimlaumu jirani, na usijipime mwenyewe, kwa sababu kiharusi nacho huanza hivyo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa uso hauna fundi.

Jioni ile kabla hatujaondoka, Mama alifungua mlango wa mbele wa gari langu, akaketi, akafunga mkanda.

"Na mimi nizungushwe," alisema. "Polepole. Na hiyo kamera itoe huko nyuma."

"Niiweke wapi, Mama?"

"Hapa mbele. Itutazame sisi."

Nikakifuta kioo, nikakikausha, nikaubandika ule mguu wa mpira, nikafunga kamba ya pili. Picha hiyo iko dukani kwangu, mteja yeyote anaiona. Mimi nimeshika usukani, Mama ameshika kilemba chake, mdomo wake umekwenda upande kama siku zote, na tunacheka. Wapo wanaoniuliza kama kamera ilipinda. Nawaambia haikupinda, huyo ni mama yangu anacheka.